Paa Lisilo na Osuri

Mpaka leo nikimwona mtu juu ya paa, siwezi kupita. Wanangu hunicheka. Huniambia, mama, mafundi wa siku hizi wanajifunga kamba, hebu kaa unywe chai. Sikai. Nitasimama pale pale barabarani, kikapu mkononi, mpaka yule mtu ashuke, hata kama simjui, hata kama yeye mwenyewe amekasirika kwa vile ninavyomkodolea macho. Wao hawajui. Mimi niliwahi kuliliwa mume aliyekuwa hai, na chanzo chake kilikuwa paa la nyumba yangu mwenyewe. Ilikuwa huko Suna, miaka michache baada ya Uhuru.

Mume wangu alikuwa fundi wa mbao na mapaa. Alikuwa amefanya kazi kwenye nyumba ya mapadri huko Homa Bay, na mapadri wale walikuwa wameletewa kutoka kwao vigae ambavyo sisi hatujawahi kuviona. Havikuwa vya udongo wala mabati. Vilikuwa vipande vyeusi vya lami, vyembamba, unavikunja vinakunjika, na juu vimemwagiwa changarawe ndogondogo za kijani. Paa la mapadri lilipokwisha yakabaki marobota kadhaa, akaambiwa achukue. Akayaleta kwa lori la mchanga, na kwa wiki nzima boma letu likanuka kama barabara mpya.

Mimi kwetu ni Asumbi. Pale Suna hakuna aliyeniita kwa jina langu la ubatizo. Niliitwa Nyar Asumbi, yaani binti wa Asumbi, na mama mkwe wangu alivyokuwa akilitamka, ungedhani Asumbi ni ugonjwa. Hatukupatana, mimi na yeye. Mimi mdomo ninao, na yeye alikuwa nao, na boma lilikuwa moja.

Nyumba yetu ilikuwa ya kuta nne za udongo, na paa la nyasi lililopanda pande zote nne likakutana juu kwenye ncha moja. Kwenye ncha ile palisimama osuri. Ukiiona ni kijiti tu, kimechongwa, kirefu kama mkono wa mtu. Lakini kwetu Waluo kijiti kile kinasema jambo moja kwa kila apitaye njia: mwenye nyumba hii yu hai. Siku akifa, wanaume hupanda wakaking'oa. Ukipita ukaona kilele ni kitupu, huna haja ya kumuuliza mtu.

Sasa huyu bwana akataka kutoa nyasi aweke lami. Akapanda asubuhi moja, akaanza kuezua kutoka juu, na kitu cha kwanza mkono wake ulichoshika ni osuri. Akaing'oa akaitupa chini kwenye lundo la nyasi, hivi, kama mtu anayetupa ganda la muwa. Mama yake alikuwa amesimama uani. Nilimwona akienda upesi kuliko nilivyowahi kumwona akienda, akaiokota, akaipangusa kwa khanga yake.

"Wewe mtoto," akamwambia, "unajua umefanya nini?"

"Nimeezua nyumba, mama."

"Umejizika."

Akacheka kule juu. "Nyasi zitoke, osuri ibaki hewani? Nani ataishikilia, Roho Mtakatifu?"

Mimi sikucheka. Nilikuwa nimesomeshwa na masista, na masista walitufundisha kwamba mambo haya ni giza la wazee. Hata hivyo nilifanya ishara ya msalaba. Mama mkwe akamsihi basi amalize paa lake la kizungu, lakini kileleni aache tundu, osuri irudi mahali pake. Akakataa katakata. Akamweleza polepole, kama anavyoelezwa mtoto, kwamba maji yanateremka kutoka kileleni, kigae cha juu kinafunika misumari ya kigae cha chini, mpaka ukingoni. Ukitoboa pale juu kabisa umeharibu kazi yote. Akaapa kwamba paa lake halitavuja tone moja maisha yake yote. Mama mkwe akaingia na kijiti chake nyumbani kwake, na hakumsemesha tena.

Akapigilia mbao, akatandaza karatasi nyeusi, akaanza kupanga vigae kutoka chini kwenda juu. Alikuwa akivuta uzi uliopakwa chokaa ili mstari unyooke. Alifanya kazi alfajiri tu, kwa sababu jua likipanda lami inalegea na kiatu kinaacha alama. Alfajiri kuna umande, na changarawe zile zikilowa zinateleza. Nilikuwa nashika ngazi, mtoto mgongoni, macho juu. Mguu wake ukiteleza kidogo, nusu ya shibiri, nilikuwa namwita Maria Mtakatifu.

"Usiniangalie hivyo," alikuwa akinifokea, "utaniangusha!"

"Basi usiteleze!"

Siku hizo zote kilele kilikuwa wazi, na nyumba yetu iko karibu na barabara ya sokoni. Niliona watu wakipunguza mwendo. Wanawake walikuwa wakitua mizigo, wakatazama juu, wakatazamana, wakajitwika tena wakaenda. Mimi nilidhani wanashangaa lami. Nikawa hata natembea kwa maringo kidogo, Mungu anisamehe.

Ilibaki sehemu ndogo ya juu, pale pande nne zinapokutana, misumari ikaisha. Ile ni misumari ya vichwa vipana, Suna haikuwepo. Akasema anakwenda Homa Bay kwa mapadri kuomba mingine, kesho yake au kesho kutwa yuko nyumbani. Akabeba nyundo yake, kwa maana nyundo ile hakuwahi kuiacha popote, akapanda basi.

Kesho kutwa ikapita. Siku iliyofuata nikaenda kusimama stendi ya basi mpaka basi la mwisho, nikarudi. Nikajiambia misumari haikupatikana. Siku iliyofuata hiyo nikajiambia padri amempa kazi. Baada ya hapo sikuwa na la kujiambia. Kila nikitoka nje macho yangu yalikwenda kwanza kileleni, pale kwenye mbao tupu, na maneno ya mama mkwe yananipigia sikioni: umejizika.

Nilikuwa nasugua sufuria uani niliposikia nduru. Nduru ni ule ukemi wa msiba, na sisi tunaujua tangu tumboni. Ilikuwa inatoka barabarani, inakuja, inakaribia. Nikasema, inapita, inakwenda kwa jirani. Haikupita. Ikakunja kona ikaingia kwangu. Alikuwa shangazi yake mume wangu, mikono kichwani, kitambaa kimeanguka, na nyuma yake kundi la wanawake. Alikwenda moja kwa moja akajitupa chini mbele ya mlango wangu.

"Wuoi! Mtoto wa kaka yangu, umeniacha na nani!"

Sufuria ikanitoka. Nilijua kwamba wamepelekewa habari kabla yangu. Nilimshika mabega nikamtikisa. "Nani amekwambia? Shangazi, nani amekwambia?"

"Yawa, dunia nzima inajua!"

"Amepatwa na nini? Wapi?"

Mwanamke mmoja muuza samaki, anayeleta omena kutoka Homa Bay, akasogea mbele. Alikuwa analia kweli, machozi yanatiririka. Akasema ni mashua. Imepinduka Mbita. Yeye mwenyewe, kwa macho yake, alimwona mume wangu akipanda mashua ya kwenda Mbita, nyundo mkononi.

Haikuingia akilini. Mbita? Aliniaga anakwenda Homa Bay. Mbita ana nini? Lakini nyundo. Huwezi kumbunia mtu nyundo ile. Nikakaa pale pale kwenye maji ya kuoshea vyombo. Sikulia. Niliogopa kulia. Niliona kwamba nikifungua kinywa nikapiga nduru na mimi, basi nimekubali, imekwisha.

Boma likajaa. Sijui watu hutoka wapi. Wengine wakawasha moto, wengine wakaulizana kama maiti imepatikana au ziwa bado limeishikilia. Nilikuwa nasikia yote hayo kwa mbali. Halafu akaja mtoto wa baba mdogo wa mume wangu. Hakuwa mtu mbaya, siwezi kumsingizia. Alisimama akalitazama paa, akatazama upande wa Kisii ambako wingu lilikuwa limejaa, jeusi, radi zinacheza ndani yake. Akaenda akaichukua ngazi, akaiegemeza kwenye nyumba yangu.

"Nyar Asumbi, mvua hiyo inakuja. Acha nifunike hapo juu."

Wanawake wakamgeukia. Hata shangazi akainua uso kutoka mavumbini. Kila mtu pale alijua anaomba nini, na mimi nilijua. Kwetu mjane hatengenezewi paa na mtu yeyote tu. Anayepanda juu ya nyumba ya mjane akaiziba ndiye anayemrithi, yeye na nyumba na mtoto. Nikinyamaza, nimekuwa mjane. Nikisema asante shemeji, nimeolewa.

"Shuka," nikamwambia.

"Shemeji, mtoto atanyeshewa."

"Anyeshewe! Baba yake atakuja kumkausha. Shuka, nasema!"

Alikuwa tayari amekanyaga ngazi. Sijui nguvu ilitoka wapi. Nilimvuta shati akashuka, nikaing'ang'ania ngazi ile nikaivuta, nikaiburura mpaka mlangoni, nikaiingiza ndani pamoja nami na mtoto, nikafunga mlango kwa komeo. Nikawasikia nje wakisema maskini amerukwa na akili. Semeni, nikawaza. Semeni mpaka mchoke, lakini hapandi mtu.

Ndani palikuwa na giza, isipokuwa mwanga uliopenya kileleni katikati ya mbao. Mlango ukabishwa.

"Fungua. Ni mimi."

Mama mkwe wangu. Nilijua amekuja kunitukana, au kuniambia nimwachie kijana apande. Nikafungua kidogo. Akajipenyeza ndani, na mkononi alikuwa na osuri. Alinitazama, akaitazama ngazi iliyolala katikati ya nyumba, na naapa mdomo wake ulitaka kucheka.

"Funga tena," akasema.

Mvua ikashuka. Mvua za kwetu hazibishi hodi. Zilipiga lami ile kwa kishindo kizito ambacho sikukijua, maana nilizoea ukimya wa nyasi, na kila radi ilipopasuka nilidhani paa limepasuka. Maji yakaanza kuingia kileleni, mfululizo, katikati ya nyumba. Mama mkwe akachukua kigoda, akakiweka pale pale maji yanapoanguka, akakaa, akaisimamisha osuri kati ya magoti yake, ncha juu.

"Mama, utalowa."

"Nitakauka."

"Mbona hulii?"

"Nimlilie nani?" Akanikazia macho. "Osuri ninayo mimi. Haijalala chini tangu siku ile. Usiku naiegemeza ukutani, imesimama. Mchana imesimama. Wewe unaijua siku iliyoanguka?"

Nikatikisa kichwa.

"Basi."

Nilimuuliza kama haogopi. Akaniambia anaogopa mpaka mkojo unamponyoka. Alisema hivyo hivyo, bila aibu. Akaniambia tangu siku chache baada ya nyasi kutoka, watu wamekuwa wakimpa pole sokoni. Akiwaambia mwanangu yu hai, yuko nyumbani anapiga misumari, walikuwa wanamtazama kwa huruma na kuinamisha kichwa, kwa kudhani uchungu umemzidi. Wameona kilele kitupu, na kilele hakidanganyi.

Nikapata tumaini kidogo. Kumbe pole zilianza kabla hajasafiri! Lakini tumaini lenyewe halikudumu, kwa sababu mashua ilikuwepo, na nyundo ilikuwepo, na ziwa lile nalijua. Mikono ya mama ilipochoka nikamwomba anipe. Mimi, mtoto wa masista, nikakaa kwenye kigoda, maji yananipiga utosini, nimesimamisha kijiti kwa mikono miwili, nimeogopa hata kupiga chafya. Tulikishika kwa zamu, mkwe na mkwe, mpaka mvua ikaisha, na ilipoisha hatukukiweka chini.

Kesho yake mchana waombolezaji walikuwa bado wapo. Walikuwa wanakunywa chai yangu na kujadili ng'ombe yupi achinjwe. Mara nikasikia makelele langoni, si ya kilio, ya hofu. Watu wanakimbia, bakuli zinaanguka. Nikachungulia mlangoni.

Alikuwa amesimama langoni, robota kichwani, mfuko wa misumari begani. Alisikia kilio, akaona umati, na sura yake ikabadilika. Akalitua lile robota. Akaanza kulia.

"Nani?" akauliza. "Ni nani? Ni mtoto?"

Shangazi yake alikuwa amejificha nyuma ya ghala anasali. Mimi nilitoka mbio, na mtoto mikononi, nikimpungia aone kwamba yu mzima, lakini mama mkwe akanipita, na uzee wake wote, akiinua mkono.

"Usiingie! Simama hapo hapo. Usivuke mlango wowote wa boma hili!"

Tukamweleza pale pale langoni. Naye akaeleza. Upepo ulikuwa umeng'oa vigae vya kanisa dogo huko Mbita, padri akamwomba avuke akavirudishie, na ziwa likachafuka, mashua zikakataa kutoka. Hakuna mashua iliyopinduka. Muuza samaki akaitwa, akaulizwa mbele ya watu nani alimwambia imepinduka, akajikuna shingo. Alimwona fundi akipanda mashua, ndiyo. Alipofika Suna akasikia fundi amekufa, ndiyo. Basi akajua ni mashua. Kumbe habari yote ilitoka juu ya paa langu, ikazunguka soko, ikanirudia mlangoni ikiwa na maji ya ziwa.

Mama mkwe akampa osuri mkononi. "Umeliliwa," akamwambia. "Mlango wako huuvuki mpaka hii isimame."

Akaitazama. Akalitazama paa lake, mistari ile iliyonyooka, kazi ya mikono yake, jinsi ilivyopendeza kwa kuoshwa na mvua. Nilijua anachofikiria. Alinigeukia mimi, na nadhani alitegemea nitamtetea, mimi niliyesoma.

"Toboa," nikamwambia.

Nikamtolea ngazi mwenyewe. Akapanda, na vigae vilikuwa vimelowa, na mimi chini nimekumbatia ngazi ile nimefumba macho, naomba kila mtakatifu ninayemjua asianguke sasa, tafadhali, asianguke siku aliyofufuka. Nikasikia keke yake ikitoboa mbao. Akaisimamisha osuri, akaizungushia lami ya moto, akafunga kilele. Aliposhuka miguu yake ikagusa chini, wanawake wale wale waliomlilia wakapiga vigelegele. Nilimshika mkono nikamwingiza ndani.

Na paa likavuja, bila shaka. Kila kiangazi lami iliyozunguka kijiti ilipasuka, na kila masika tone likapenya pale pale, katikati ya nyumba. Alipanda mara nyingi kuliziba, akitukana. Halikuzibika. Mimi nikatafuta karai, na kila mvua ilipoanza niliinuka nikaliweka mahali pake. Tik, tik, tik. Alipokuwa safarini, Homa Bay au visiwani, na mvua ikanyesha, mimi nilikuwa nakaa karibu na karai nasikiliza. Niliogopa maisha yangu yote na yule mwanamume, lakini tone lile lilikuwa linanipunguzia.

Amekufa mzee, kitandani, kwa maradhi, amenishika mkono. Alizikwa vizuri. Sikupiga nduru. Watu waliona ajabu, lakini nilikuwa mkavu, sijui kwa nini, kana kwamba ule woga wa zamani ulikuwa bado unanikataza. Wanaume wakapanda wakaing'oa osuri, na yule mwanangu niliyekuwa namfunga mgongoni, sasa mtu mzima, akaliziba tundu kwa lami na kipande cha kigae kilichobaki, akapiga misumari ya vichwa vipana.

Baada ya siku chache mvua ikaja, alasiri, kutoka upande ule ule wa Kisii. Nikainuka, nikachukua karai, nikaliweka, nikakaa. Ilinyesha kwa nguvu. Ilinyesha mpaka uani pakawa ziwa. Nilisubiri. Halafu nikainama nikachungulia ndani ya karai, nikapitisha kiganja chini kabisa, na lilikuwa kavu.

Hapo ndipo nilipopiga nduru.